Matundu ya Bati

Vidonge vilikuwa vimeacha kumsaidia Chande, fundi viatu. Adhuhuri hiyo mgongo ulimbana hadi akajilaza chali kwenye saruji ya chumba chenye giza, akatazama juu. Matundu ya misumari kwenye bati, yale yanayovuja kila masika, yalikuwa yanawaka kama nyota.

Mkewe aliingia, akaangusha mwiko. "Baba Siwema! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Funga mlango, uje ulale hapa."

"Wali uko motoni!"

"Njoo, mama."

Mkewe alifunga mlango, akajinyoosha ubavuni pake, naye akatazama juu. Maumivu yalikuwa palepale, ila Chande hakuwa peke yake nayo tena.

"Na mimi nakusumbua kila siku uyazibe," mkewe alinong'ona.

Tone la mwanga lilikuwa limetua kiganjani mwake. Akalifumbata taratibu, nalo likabaki juu ya ngumi.