Mayai Saba ya Bibi Harusi

Hippolyte alichomoa unyoya wa pili mkiani mwa Bibi Harusi, akaumwa kidole, akajikaza asipige kelele. Nje ya pazia, Akwero, afisa wa wanyamapori, alikuwa akinywa soda na kumsubiri.

Tuseme ukweli, mzee alikuwa amekalia kuti kavu. Kibali chake kilimruhusu kuuza makinda wa kasuku wake wawili tu, wale wa kijivu ambao wateja wa baa yake pale Kabalagala waliwaita Bwana Harusi na Bibi Harusi kwa jinsi walivyolishana mdomo kwa mdomo. Lakini makinda wawili wa kizimba cha pili, kama wenzao wote aliowahi kuuza, walitoka misitu ya Kongo ndani ya katoni ya sabuni. Ikigundulika, kibali kwaheri, kasuku kwaheri, naye anahamia Luzira, tena gerezani, si kwenye zile nyumba za kifahari za ziwani.

Akwero alikuwa amempa bahasha nne: baba, mama, kinda wa kwanza, kinda wa pili. Kila ndege atoe unyoya mmoja, maabara ilinganishe vinasaba vyao. Hippolyte akadai ndege wake wanauma wageni, atawanyonyoa mwenyewe. Basi huko nyuma ya pazia makinda hata hawakuguswa. Bwana alitoa manyoya mawili, Bibi mawili, bahasha zote nne zikapata unyoya. Mtoto gani atafanana na wazazi kuliko hivyo?

"Kwani hawa hutaga kweli?" Akwero aliuliza akizipokea.

"Madame, mwaka huu Bibi ametaga saba kwa mpigo mmoja! Kasuku wa wenzangu hutaga matatu, wakijitahidi manne."

Akwero akarudia, saba, akaandika.

Wiki tatu zilizofuata Hippolyte hakula akashiba. Akwero aliporudi na karatasi mkononi, mzee aliketi kabla hajakaribishwa, tena kwenye baa yake mwenyewe.

"Vinasaba vya makinda ni vya hawa wawili," Akwero akasema. "Hilo halina ubishi."

Hippolyte akashusha pumzi. Akamwita mkewe, Victoire, alete soda, tena baridi, kisha akawapigia busu kasuku wake kizimbani. Raha ilioje!

Akwero alikunja karatasi taratibu.

"Ila kuna jambo moja, mzee. Bwana Harusi naye ni jike. Yale mayai saba, yeye alitaga mangapi?"