Mbio za Kuchechemea

Mbuni, aliyewashinda wanyama wote kwa mbio, alipata watoto tisa kwa mpigo, na tangu siku hiyo hakukimbia tena. Asubuhi walipojibanza chini ya mabawa yake alifurahi. Adhuhuri walipogombania panzi mmoja na kumdonoa magoti, alitamani kutoroka.

"Bingwa, siku hizi unatembea kama kobe!" Pundamilia alimtania.

"Niache, ndugu yangu. Hawa wamenila miguu."

Siku moja Bweha alichomoza nyasini, karibu kabisa. Watoto wakajilaza chini, kwani mbio walikuwa bado hawazijui. Mbuni angeweza kutoweka mara moja. Badala yake aliangusha bawa moja, akaanza kuchechemea mbele ya Bweha huku akilia, "Jamani, mguu wangu!"

"Nyama yote hii, tena kilema!" Bweha akasema. Akawaacha wadogo, akamfuata.

Mbuni alijikokota, akaanguka, akainuka, hadi walipovuka kilima cha pili. Hapo akanyoosha miguu, akatimka. Bweha akabaki na vumbi.

Mbuni aliporudi kwa kuzunguka, Pundamilia alikuwa hoi kwa kicheko. "Nimekuona! Yaani hata Bweha nusura akushinde?"

Mbuni alikuwa akihesabu vichwa, na alipofika tisa akaketi chini akimshukuru Mungu.

Yule mdogo kuliko wote akamsogelea, akamdonoa goti. "Baba, ulikanyaga mwiba?"

"Donoa, mwanangu," Mbuni akasema. "Donoa na hili jingine."