Vidole vya Asubuhi

Miaka ile ya ruksa, masharti ya ujamaa yalipolegezwa, daktari mgeni pale Lushoto aliwaita wagonjwa wa baridi yabisi kwenye ofisi ya kadi, awaulize kliniki yao ipangwe vipi. Kabla hawajafungua kinywa, karani aliwajibia.

"Hawa ni wavivu, Daktari. Dirisha nafunga saa tatu, wao wanafika saa tano."

Akaingiza mkono kwenye droo atoe daftari la mahudhurio. Mwanahamisi wa Mtae, ambaye vidole vyake vilivimba hata havikunjiki, akaisukuma droo kwa nyonga, kwa nguvu zake zote.

Mfupa ulisikika ukivunjika. Karani alipiga magoti akilia, mkono ungali ndani. Mwanahamisi hakuondoa nyonga.

"Daktari, mimi nikiamka mikono yangu inauma hivyo," alisema. "Mpaka saa nne siwezi hata kujifunga kanga. Andika."

"Mama, mwachie kwanza."

"Andika."

Daktari akaandika. Damu ilichuruzika chini ya droo.

Mlinzi aliingia mbio na rungu. Wagonjwa kumi na mmoja, ambao kuinuka kwenye benchi huwachukua dakika nzima, walikuwa wameshasimama kati yake na Mwanahamisi.