Bahasha Iliyofika Katikati ya Sala

Dzifa Agbenyo aliufikia mlango wa ukumbi wa zabuni, ghorofa ya kumi, zikiwa zimebaki dakika mbili tu kufika saa nne, mwisho wa kupokea bahasha. Jasho lilikuwa limelowesha hadi bahasha. Mlinzi alimzuia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliuweka kifuani, macho ameyafumba.

"Wanasali," alinong'ona. "Hakuna kuingia mpaka amina."

Kikao cha wizara bila sala si kikao. Ndani, katibu wa kamati, Bwana Ofosuhene, alikuwa akimwomba Mungu azibariki sheria za manunuzi, awalaani wavunjaji wake, na amfikishe salama mwenyekiti, popote alipo. Alipomaliza, Bi Korkor wa uhasibu akakumbuka kwamba hawajaliombea taifa.

Amina ya mwisho ilipotoka, saa nne ilikuwa imeshapita.

Dzifa aliingia, akaweka bahasha mezani kwa mkono wa kulia.

"Umechelewa, mama," alisema katibu.

"Nilikuwa hapo mlangoni, bwana mkubwa. Na ningefika mapema zaidi, ila kuna mzee anaomba msaada ghorofa ya nne. Nilisimama kumtuliza."

"Ghorofa ya nne ni ofisi ya pensheni," Bi Korkor alidakia. "Pale kila mzee anaomba msaada."

Kamati ikaangua kicheko.

"Lakini huyu mzee ni—"

"Mama! Zabuni iliyochelewa haitetewi kwa hadithi. Inarudishwa bila kufunguliwa. Kaa."

Alikaa, mfuko wake wa vifaa miguuni. Karakana yake haikuwa imepata kazi ya maana tangu Pasaka. Alijua kwamba akiikosa na hii, mafundi wake wangeishia kuuza maji kwenye taa za barabarani, na yeye ndiye angewaambia.

Walibaki wazabuni wawili, nao bado walikuwa wakihema. Bahasha ya kwanza ilifunguliwa. Kurasa zilibanwa kwa pini badala ya kushonwa kwa uzi. Ikakataliwa. Ya pili ilishonwa kama gauni la harusi, na bei yake ilikuwa nzuri, lakini ukurasa mmoja mtupu haukuwa na saini.

"Ukurasa hauna kitu, bwana!" alilalamika mwenyewe. "Nisaini nini sasa?"

"Usaini kwamba hauna kitu."

Ikakataliwa.

Kiti cha mwenyekiti kilikuwa bado kitupu. Bi Korkor alijaribu tena kumpigia. "Hapatikani."

"Mtu mkubwa huyo, ana shughuli," alisema katibu. "Atasaini akifika."

Dzifa alinyoosha mkono. "Basi niruhusuni nikamsaidie yule mzee. Sitaki hata pesewa moja."

"Bure?" Bwana Ofosuhene aliweka kalamu chini, akamtazama kama aliyemkamata na mbuzi wa jirani. "Mzabuni kutoa huduma ya bure ndani ya jengo hili ni rushwa, mama. Ukithubutu, tunakufungia. Hutaomba kazi ya serikali tena."

Kisha akaandika kwamba hakuna aliyetimiza masharti. Wajumbe walipeana mikono. Sheria ilikuwa imeshinda, na Bi Korkor akaagiza kenkey na samaki kwa wote.

Dzifa alishuka ngazi taratibu, bahasha yake kwapani, lakiri haijaguswa. Ghorofa ya nne alisimama mbele ya milango miwili ya chuma iliyofungwa. Alitazama juu alikotoka. Akatazama chini, kwenye mlango wa kutokea. Halafu akapiga magoti na kufungua mfuko wake.

"Mheshimiwa mwenyekiti," aliita kwenye ufa, akichomeka nondo, "wamesema zabuni ya kutengeneza lifti itangazwe upya. Wanasubiri saini yako."