Nafasi Tupu Kwenye Mkataba

Mwanahawa alikuwa akimtafutia wakili mwanawe, aliyewekwa mahabusu kwa tuhuma ya wizi ambayo mama huyo hakuiamini. Kombo, wakala wa kuwaunganisha watu na mawakili, alimsogezea mkataba na kalamu ofisini kwake.

"Tia saini, mama. Wakili anasubiri."

"Anaitwa nani?"

"Utamjua ukishatia saini."

Mwanahawa akausoma polepole. Palipotakiwa jina la wakili palikuwa patupu, na chini yake paliandikwa kwamba mteja haruhusiwi kubadili nia.

"Basi nipe nakala nikasome nyumbani."

"Mkataba hautoki ofisini." Kombo aliweka kiganja juu ya karatasi. "Mama, mwanao analala sakafuni."

Maneno hayo yalimchoma. Akaishika kalamu, kisha akairudisha mezani.

"Karani wa mahakama aliniambia nakala ni haki yangu. Nikamwite?"

Kombo akaondoa mkono juu ya karatasi. Mwanahawa akaikunja karatasi, akatoka nayo bila kuaga, akaelekea mahakamani.

Alipofika ng'ambo ya barabara aligeuka. Kombo alikuwa amepanda juu ya kiti mlangoni, aking'oa kibao chenye jina la ofisi yake.