Embe Lisilopita Tunduni

Ilikuwa desturi ya ukoo wa Hondohondo, ndege wa midomo mikubwa, kumfungia mke ndani ya pango la mti kwa udongo, atamie kwa amani, na mume kuacha tundu dogo la kupitishia chakula. Hondohondo alifanya hivyo, akawa analeta matunda ya mkuyu, kuyu mojamoja. Lakini makinda walipoanguliwa, akaona haya.

"Wanangu watakua kwa vikuyu kweli? Naenda mashamba ya mbali, nikatafute riziki ya maana."

"Na sisi huku tutakula nini, baba watoto?"

"Mungu yupo," akajibu, akaruka zake.

Kweli Mungu alikuwapo, maana jirani yao Kuchakuro, mnyama mdogo kama kindi, alikuwa akiwapitishia chochote alichopata.

Mvua zilipokwisha, Hondohondo akarudi na embe bivu, shingo inamuuma. Akalisukuma tunduni, halikupita. Akalizungusha, halikupita. Ndani makinda wakalia kwa ile harufu.

"Nibomoe ukuta!"

"Ubomoe, nyoka aingie?" mkewe akacheka. "Tundu ulilipima mwenyewe, bwana wee."

Kinda mmoja akachungulia. "Mama, nani huyu mwenye mdomo mkubwa?"

Neno hilo likamchoma Hondohondo. "Nimekosa, mama watoto. Mungu anisamehe."

Akatua tawini, akalidonoa lile embe, akawalisha kipande kwa kipande mpaka jua likazama.

"Kesho utaleta nini, baba?" akauliza yule kinda.

"Kuyu. Moja tu."

"Basi mimi nakungoja hapahapa tunduni."