Picha Tatu Kando ya Jeneza

Abbasi, fundi wa kamera, alikipangusa kidole chake kwenye kitambaa, akakinusa, akakunja uso.

"Tumbaku," alisema. "Kitufe kimeganda kwa utomvu wa tumbaku mbichi. Kamera haishikwi na mikono ya shambani, kijana."

"Nilipitia kuchuma majani asubuhi ya mazishi," Fideli alijibu. "Lakini ubovu wake si huo, fundi. Hii takataka inajipigia yenyewe."

Alisema takataka, na alimaanisha. Alikuwa ameinunua mwezi uliopita kwa mtu hapa hapa Tabora, ndogo ya kutia mfukoni, akiota kuwa mpiga picha wa harusi na kipaimara kule Ulyankulu. Kazi yake ya kwanza ikawa mazishi ya kaka yake mwenyewe, Anakleti, na kamera ikamwaibisha mbele ya jeneza. Tangu siku ile hata kuigusa kulimtia kinyaa.

Lakini aliyemchefua zaidi ya kamera alikuwa Demetria, mjane wa Anakleti. Tangu maiti iletwe nyumbani mpaka kaburi linafunikwa, mwanamke yule hakutoa chozi. Alikaa kama mtu anayesubiri treni. Fideli alilia mpaka sauti ikakauka, wanaume wawili wakamshika huku na huku asianguke, na kila alipofumbua macho aliuona ule uso mkavu.

Jumamosi ukoo ungekaa kuamua kama Demetria abaki na watoto wake watatu kwenye nyumba na shamba la marehemu, au arudishwe kwao Kaliua. Wazee walikwisha kuelemea upande wa kumrudisha. Aliyewakwamisha ni Gaudensia, dada mkubwa wa Fideli na Anakleti, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye benchi la fundi, mkoba mapajani.

"Hamumfukuzi mjane kwa maneno ya jikoni," alikuwa amewaambia. "Mnasema alifurahi mumewe kufa. Nionyesheni huo uso wa furaha."

Ndiyo maana Fideli alimlipia nauli mpaka mjini. Alitaka dada auone uso wa Demetria pichani kwa macho yake mwenyewe.

"Haya, nieleze ilivyofanya," Abbasi alisema.

Fideli alieleza. Aliiweka kwenye stendi chini ya turubai, akaitegesha ihesabu sekunde kumi ili naye awahi kusimama na familia. Akakimbia, akasimama, wakangoja. Kimya. Akarudi, akachomoa betri akairudisha, akapuliza kadi, akafuta lenzi kwa pindo la shati, lile la mistari la Anakleti, maana yeye hakuwa na shati la heshima. Akakimbia tena. Kimya. Ukoo mzima umejipanga, jeneza katikati, na kamera imewakodolea jicho tu.

"Mzee Jonasi akaona tusipoteze muda, akaanza maneno ya ukoo pale pale. Akasema kwa sasa shamba na bani la kukaushia tumbaku nitaangalia mimi. Flashi ikamulika. Akasema mjane ajiandae, huenda akarudi kwao. Ikamulika tena. Nakabidhiwa ufunguo wa bani, hiyo ya tatu. Na hakuna mtu aliyeigusa. Halafu betri ikafa, na chaja nilikuwa nimeiacha huku mjini."

"Kwa hiyo hizo picha hujaziona?"

"Nizione wapi?"

Abbasi alitia betri yenye chaji, akawasha, akabonyeza mara mbili tatu, akacheka kidogo puani.

"Kamera yako nzima. Hapa kuna alama mbili zimekaa jirani. Hii ya saa ndiyo ya kuhesabu sekunde. Wewe uliweka hii ya uso, na mpaka sasa ipo hapo hapo. Hii haihesabu kitu. Inatazama nyuso za watu, inangoja mtu atabasamu. Akionyesha meno tu, inapiga."

Fideli alihesabu kimoyomoyo. Mara tatu. Kando ya jeneza la kaka yake, mtu alikuwa ametabasamu mara tatu. Alimkumbuka Demetria alivyoinama pale, kanga imeshuka mpaka puani, akajua sasa alikuwa anaficha nini. Akatema mate nje ya kibanda. Hakuwahi kumchukia binadamu namna ile.

"Umesikia, dada?" alisema. "Kamera imemuumbua. Fundi, usinipe mimi. Mwonyeshe dada kwanza, asije akasema nimezichezea."

Gaudensia aliipokea kwa mikono miwili. Abbasi alimwelekeza kitufe cha kukuza, naye akaikuza picha ya kwanza, akakaa nayo muda. Akatazama ya pili. Kwenye ya tatu alijiziba mdomo kwa pindo la kitenge, kama mtu aliyekuta funza kwenye chakula.

"Si niliwaambia?" Fideli alisema.

"Ni kweli kuna mtu alifurahi," Gaudensia alisema polepole. "Zote tatu ni meno ya mtu mmoja."

Kidole chake kiligusa kitufe cha kupigia, picha zikaondoka kwenye kioo, kamera ikarudi kutazama nyuso. Lenzi ilikuwa upande wa Fideli. Fideli mwenyewe hakugundua. Aliwaza Jumamosi, wazee wakitikisa vichwa, Demetria na watoto wake wakipandishwa basi la Kaliua. Mkono ukaingia mfukoni, ukaupapasa ufunguo wa bani, na midomo ikamfunguka yenyewe.

Flashi ikammulika usoni.

"Na hii ya nne," dada yake alisema, akanyoosha kiganja kupokea ufunguo.